Viatu vya Kukimbilia Milimani juu ya Lava ya Goma: Kutambua Kinga Iliyoshindwa

Anayekimbia Goma hukimbia juu ya mlima uliomwagika. Lava ya volkano ya Nyiragongo iliingia mjini tarehe 17 Januari 2002 ikapita katikati hadi ziwani, ile ya tarehe 22 Mei 2021 ikasimama kwenye viunga vya kaskazini, na chini ya zote mbili zimo tabaka za kale ambazo leo zinachomoza katika vichochoro vya mji kama migongo ya viboko. Jiwe hilo liliganda likiwa na mapovu ya gesi ndani yake, kwa hiyo kila linapovunjika huacha matundu madogo yenye kingo kali, na kingo hizo ndizo zinazokula viatu vyetu.

Mkimbiaji akiumia, mara nyingi hulaumu kiatu kizima: si cha asili, ni kidogo, kimechoka. Hukumu ya namna hiyo haimsaidii kitu, kwa sababu kiatu cha milimani ni kinga kadhaa zilizoshonwa na kugandishwa pamoja: bamba gumu chini ya unyayo, kofia ya vidole, ukingo wa mpira unaozunguka ubavuni, ulimi ulioshonwa pembeni, kikombe cha kisigino na meno ya soli. Kila kinga ina kazi yake, na kila moja hufa kwa namna yake wakati nyingine bado ni nzima. Hapa chini ninaanza na maumivu au kasoro inayoonekana, kisha ninarudi nyuma hadi kwenye kinga iliyoshindwa, ili mwenye kiatu ajue kama atengeneze, avumilie au atafute kingine.

Kazi ya kwanza, kabla ya kuchunguza dalili yoyote, ni kuosha kiatu. Vumbi la kijivu la kiangazi hufunika nyufa halisi na kuchora nyufa za uongo. Niliwahi kumpelekea fundi kiatu nikiamini soli imepasuka, akakisugua kwa mswaki na maji, na ule ufa ukatoka pamoja na povu la sabuni. Baada ya kukiosha, toa soli ya ndani na uitunze karibu, kwa maana inabeba ushahidi mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote.

Kila jiwe linasikika chini ya unyayo

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko mengine yote, na lina vyanzo vitatu ambavyo kwa nje havitofautiani: kiatu hakikuwa na bamba tangu mwanzo, bamba lilikuwepo likapasuka, au bamba ni zima lakini povu la soli ya kati limekufa.

Bamba la kinga ni karatasi ngumu ya nailoni, ya plastiki ya TPU au ya nyuzi za kaboni, yenye unene wa takriban milimita moja, ambayo hulazwa kati ya soli ya kati na mpira wa chini, au juu ya soli ya kati karibu na unyayo. Kazi yake ni kuisambaza ncha ya jiwe: badala ya uzito wako wote kukutana na ncha hiyo mahali pamoja, unatandazwa juu ya eneo zima la bamba. Katika viatu vingi bamba halifiki kisigino, kwa sababu huko povu ni nene kiasi cha kujitosheleza. Linalinda sehemu ya mbele, penye mizizi ya vidole, ambapo mfupa uko karibu na ardhi.

Ili kujua kama lipo, chukua kokoto moja ya lava yenye ukubwa wa punje kubwa ya maharage, iweke kwenye sakafu ya saruji, kisha ikanyage polepole kwa sehemu hiyo ya mbele huku ukiwa umesimama kwa mguu mmoja. Bamba likiwepo na likiwa zima, utahisi mwinuko mpana, kana kwamba sakafu yenyewe imevimba. Lisipokuwepo, utahisi ncha palepale ilipo. Sogeza kokoto sentimita mbili mbili kuelekea ubavuni na urudie, maana bamba linaweza kuwa zima katikati na likawa limevunjika upande wa kidole kidogo.

Jaribio la pili hufanywa kwa mikono. Shika kisigino kwa mkono mmoja na pua ya kiatu kwa mwingine, ukikunje taratibu. Bamba zima hukataa kwanza, kisha hupinda kwa mviringo na kurudi lenyewe. Bamba lililopasuka hukunjika ghafla kwenye mstari mmoja, mara nyingi kwa sauti kavu, na ukipitisha kidole gumba ndani ya kiatu juu ya mstari huo unaweza kugusa tuta dogo ambalo halipo kwenye kiatu cha pili. Tuta hilo ndilo linalosababisha malengelenge mahali ambapo mtu hakutarajia, na wengi huyatibu kwa kubadilisha soksi mwezi mzima bila kufika kwenye chanzo.

Iwapo majaribio yote mawili yanaonyesha kwamba bamba ni zima, basi chunguza povu. Tazama ubavu wa soli ya kati: mikunjo midogo iliyolala sambamba, ambayo haitoki hata kiatu kikiwa hakijavaliwa kwa siku mbili, ni dalili kwamba povu halirudi tena. Bonyeza kwa kidole gumba kwenye upinde wa mguu, sehemu ambayo haifanyi kazi sana, kisha ubonyeze chini ya mizizi ya vidole, ulinganishe. Makocha wengi hutaja kilomita 500 hadi 800 kuwa umri wa kawaida wa kiatu cha kukimbilia. Juu ya mawe yetu, na kwa mtu mwenye uzito mkubwa, mimi huanza kukitilia shaka mapema zaidi.

Povu lililokufa halifufuki. Bamba lililopasuka nalo halishonwi, lakini liko jambo ambalo baadhi yetu hulifanya: kukata kipande cha plastiki kutoka ubavu wa bidoni la manjano la lita 20, kukipa umbo la nusu ya mbele ya unyayo, kulainisha kingo zake kwa msasa, na kukiweka chini ya soli ya ndani. Nimekimbia nacho majuma kadhaa. Kinapunguza ncha ya jiwe bila shaka, lakini kinakula nafasi ya vidole na kukifanya kiatu kiwe kigumu kupinda, kwa hiyo ninakipendekeza kwa mwenye kiatu chenye nafasi ya ziada tu, na kwa muda mfupi.

Kuhusu misumari, mtu asijidanganye. Nyumba nyingi za mji huu ni za mbao zilizosimamishwa juu ya lava, na palipojengwa au kubomolewa nyumba ya mbao hapakosi msumari uliolala ukiwa na ncha juu. Bamba la kiatu cha kukimbilia lilibuniwa kusambaza shinikizo la jiwe, wala halikubuniwa kuzuia chuma chembamba. Kinga ya namna hiyo hupatikana katika buti za kazi zenye soli maalumu. Aliyechomwa na msumari hadi ndani ya nyama aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kuulizia chanjo ya pepopunda, hata kama damu ni kidogo.

Kucha zimekuwa nyeusi ingawa kiatu kina kofia ngumu

Kijana mmoja alinijia na swali hilohilo. "Papa, hivi viatu mbele ni vigumu kama jiwe. Sasa kwa nini kucha zimekufa?" Nilitazama kofia za vidole: zilikuwa safi, hazina hata mkwaruzo. Nilitoa soli ya ndani, nikamwonyesha alama za vidole vyake, ambazo hazikuishia pale vidole vinapostahili kukaa bali zilichimba hadi ukingoni kabisa. Hakuwa amegonga jiwe lolote. Alikuwa akigonga kiatu chake mwenyewe kutoka ndani, kila alipoteremka.

Kwa hiyo kanuni ya uchunguzi hapa ni kulinganisha nje na ndani. Kofia iliyokwaruzwa pamoja na ukucha mmoja uliokufa, hasa wa kidole gumba, humaanisha jiwe. Kofia safi pamoja na kucha mbili au tatu zilizokufa humaanisha kwamba mguu unateleza mbele, na kwamba kofia ngumu unayoisifu ndiyo ukuta unaokuumiza.

Mguu unaoteleza hurekebishwa kwa kamba kabla ya kurekebishwa kwa fedha. Viatu vingi vya kukimbilia vina tundu la mwisho, karibu na kifundo, ambalo watu huliacha wazi kwa kutojua kazi yake. Pitisha kila ncha ya kamba katika tundu hilo upande wake uleule, ili pabaki kitanzi kidogo kila upande. Kisha pitisha kila ncha ndani ya kitanzi cha upande wa pili, vuta kuelekea chini kwenye kisigino, ndipo ufunge kama kawaida. Kisigino kitakaa mahali pake na vidole vitabaki mbali na ukuta. Kijana yule alifunga namna hiyo, akateremka mara tatu katika mteremko mkali karibu na kwao, na mara ya tatu akasema kwamba sasa anavisikia vidole vikiwa "vimekaa nyumbani".

Kama kamba haitoshi, kiatu ni kifupi. Kipime jioni, wakati mguu umevimba kidogo, ukiwa umesimama na umevaa soksi unazokimbilia: mbele ya kidole kirefu kuliko vyote pawe na nafasi yenye upana wa kidole gumba. Wengi kati yetu hununua kwenye mitumba tukiwa tumechuchumaa, asubuhi, bila soksi, na matokeo yake huonekana kwenye kucha.

Upande wa pili, iwapo jiwe ndilo lenye hatia, bonyeza kofia kwa nguvu. Kofia ya kweli ni mpira wa soli uliopandishwa juu ya pua, au plastiki nene iliyogandishwa, na haibonyei kirahisi. Katika viatu vya bei ndogo kinachoonekana kama kofia ni utando mwembamba wenye rangi nyeusi, unaokinga kitambaa kisichanike lakini usiokinga kidole na chochote. Hata hivyo, mtu anayegonga mawe kila siku ajichunguze pia mwenyewe, kwa kuwa mguu uliochoka hauinuki, na michubuko mingi hupatikana katika kilomita za mwisho.

Kitambaa kimechanika ubavuni, karibu na kidole kidogo

Tundu linalotoka nje na tundu linalotoka ndani hutofautishwa kwa nyuzi. Lava ikikata, nyuzi huwa zimekatika sawasawa na mchaniko ni mrefu, mara nyingi juu kidogo ya mahali ukingo wa mpira unapoishia. Maana yake ukingo wa kiatu hicho ni mfupi mno kwa ardhi yetu, au umebanduka. Kidole kikisukuma kutoka ndani, tundu huwa la mviringo, nyuzi zimelainika na kuwa kama manyoya, na bitana la ndani huwa limeisha kabla ya kitambaa cha nje. Tundu la kwanza linazibika kwa kiraka cha mpira wa ndani wa pikipiki kilichogandishwa kwa nje. La pili likizibwa hurudi, kwa sababu kiatu ni chembamba kuliko mguu.

Changarawe zinaingia ndani

Geuza ulimi wa kiatu uutazame pembeni. Katika kiatu cha milimani kilichotengenezwa vizuri, ulimi umeunganishwa na pande zote mbili kwa kitambaa, mfano wa mfuko, ili changarawe inayoanguka juu ya kamba isipate njia. Ukiwa huru pande zote, hapo ndipo mlango ulipo, na mshono wa fundi unaweza kuufunga hadi nusu bila kukuzuia kuingiza mguu. Ukiwa umefungwa na bado changarawe zinaingia, basi zinapitia kwenye shingo ya kiatu, na dawa yake ni kitambaa cha kufunika kifundo. Si lazima kinunuliwe: shingo ya soksi kuukuu, iliyokatwa na kuvutwa juu ya kiatu hadi kufunika kamba za juu, hufanya kazi hiyo kwa siku kavu.

Vumbi ni habari nyingine. Mchanga mwembamba wa lava hupenya katika kitambaa chenye matundu makubwa bila kuhitaji mlango wowote, hujikusanya chini ya soli ya ndani, na kusugua bitana kama msasa. Asiyetoa soli ya ndani kila juma na kukung'uta atashangaa kuona kisigino cha ndani kimetoboka wakati soli ya nje bado ni mpya.

Kiatu kinateleza

Kuteleza kunategemea mahali. Juu ya lava iliyolowa, kinachoshika ni ulaini wa mpira na eneo linalogusa jiwe, wala si urefu wa meno. Meno yenye kimo cha milimita tatu hadi nne, mapana na yaliyokaribiana, hutosha. Meno marefu ya milimita sita na zaidi yalitengenezwa kwa ajili ya matope, na juu ya jiwe kali hupinda, hupasuka kwenye shina na kung'oka moja baada ya jingine. Ukiona mashimo ya mraba kwenye soli mahali palipokuwa na meno, kiatu hakina kosa la kiwandani: umekipeleka kwenye ardhi isiyokuwa yake. Kinyume chake, anayepanda vilima vya Masisi wakati wa mvua akiwa na meno mafupi atabeba udongo wa kilo nzima kwenye kila mguu, kwa kuwa matope hukwama kati ya meno yaliyosongamana na kuifanya soli kuwa tambarare.

Mpira laini unaoshika vizuri huisha upesi. Hilo halina tiba, na mimi nimechagua kushika kuliko kudumu.

Kifundo kinapinda, au mguu unakufa ganzi

Hakuna kinga ya kiatu cha kukimbilia inayozuia kifundo kisipinde. Zipo tu zinazopunguza. Bana kikombe cha kisigino kwa vidole viwili kutoka nyuma: kikibonyea kama karatasi, kimekufa, na mara nyingi muuaji ni mwenyewe, aliyezoea kukanyaga kisigino cha kiatu kama anavaa malapa. Soli nene sana na nyembamba kwa upana huongeza hatari.

Ganzi juu ya mguu hutokana na kamba zilizokazwa juu ya ulimi usio na povu, na huondoka kwa kuruka tundu moja la kamba pale panapouma. Ganzi ya chini, penye mizizi ya vidole, inaweza kutokana na kiatu chembamba au bamba gumu kupita kiasi. Mpe mguu majuma mawili ya mbio fupi, na ikiendelea, achana na kiatu hicho.

Naongeza hapa utando wa kuzuia maji, ambao wauzaji huusifu sana. Unazuia umande na madimbwi madogo, lakini mvua ya Novemba huingilia kwenye shingo ya kiatu, na utando uleule uliozuia maji yasiingie unayazuia yasitoke. Kwa Goma, kitambaa kinachopitisha maji na kukauka upesi ni bora.

Soli imeachama mbele

Kabla ya kuilaumu gundi, jiulize kiatu kilikaushwa wapi. Kilichowekwa kando ya mbabula yenye makaa, au juu ya bati wakati wa jua la adhuhuri, kimepikwa: joto hulegeza gundi na kulifanya povu lisinyae, na soli huanza kuachia puani. Kiatu hukaushwa kivulini, kikiwa kimejazwa karatasi kavu zinazobadilishwa baada ya saa chache.

Fundi mmoja wa mtaa wa Birere ninayempelekea viatu vyangu haweki gundi juu ya gundi. Hufungua mdomo wote hadi mahali soli inaposhika kweli, hukwangua mabaki ya zamani, husugua pande zote mbili kwa msasa mpaka mpira uwe na vumbi, hufuta, kisha hupaka gundi nyembamba pande zote mbili na kuacha. Hapo ndipo wenye haraka huharibu kazi. Yeye husubiri hadi gundi ikiguswa kwa kidole inata bila kukifuata kidole, ndipo hukutanisha pande hizo mara moja, hupigapiga kwa nyundo kutoka katikati kwenda nje, hufunga kwa ukanda wa mpira kama ule unaovishwa magurudumu ya chukudu (kigari cha mbao cha kusukumwa kwa mguu), na kukiacha hadi kesho yake. Puani huongeza mshono wa uzi mnene, kwa sababu gundi peke yake haiwezi kustahimili teke la jiwe.

Kuna kiatu kimoja tu ambacho hukirudisha bila kukigusa. Ni kile kilichokaa miaka mingi katika boksi, soli yake ya kati ikiwa ya polyurethane, ambayo unyevu wa hewa huivunja taratibu hata kiatu kisipovaliwa. Kwa nje kinang'aa, lakini ukichimba soli kwa ukucha inamomonyoka kama mkate mkavu. Chimba kwa ukucha kabla ya kulipa.